Kitochi, Laini Mbili, na Mwenye Wazo

Ukipita kwenye vibanda vya kuchajisha simu hapa Dzaleka, angalia ile meza. Simu zimelala pembeni kwa pembeni, kila moja na kikaratasi cha namba, waya zimepandana kama majani ya viazi. Sasa soma majina yaliyoandikwa mgongoni. Itel. Tecno. Infinix. Itel tena. Nenda Lilongwe, kwa mafundi wa Area 25, utasoma majina yaleyale. Wengi wetu tunadhani hizo ni kampuni tatu zinazogombania wateja. Kumbe mama yao ni mmoja. Anaitwa Transsion, na makao yake ni mji wa Shenzhen, China.

Nimeandika historia ya kampuni hii kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi wanaishika mkononi kila siku bila kuijua. Na kwa sababu ndani yake kuna swali linalotuhusu sisi wa kambini kuliko watu wanavyofikiri: wazo ni la nani?

Mwanzilishi anaitwa Zhu Zhaojiang. Kabla ya hapo alikuwa akiuza simu nje ya nchi kwa niaba ya kampuni ya Ningbo Bird, na kazi hiyo ilimtembeza nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mwaka 2006 akaanzisha kampuni yake. Miaka ile wakubwa wa soko walikuwa Nokia na Samsung. Nyumbani China ushindani ulikuwa mkali sana. Zhu akaamua kwenda mahali ambapo wakubwa walikuwa wanauza bila kusikiliza, na kufikia mwaka 2008 nguvu yake yote ilikuwa Afrika.

Alisikia nini? Kwanza, mambo ya laini. Sisi tuliotoka Kivu tunajua: mtu ana Vodacom, ana Airtel, ana Orange, kwa sababu kupiga mtandao mwingine ni gharama. Hapa Malawi ni hivyohivyo, Airtel mfuko huu, TNM mfuko ule. Watu walikuwa wanatembea na simu mbili, au wanafungua kifuniko kila saa kubadilisha laini mpaka kifuniko kinavunjika. Tecno ikaleta simu ya laini mbili mapema, wakati wakubwa bado wanasitasita. Baadaye zikaja hata za laini nne.

Pili, umeme. Betri kubwa ni starehe kwa mtu wa Ulaya. Kwa mtu anayelipa kuchajisha simu kibandani, ni pesa ya chumvi inayobaki nyumbani. Fundi mmoja wa hapa alinieleza kwa maneno machache: "Hii kitochi iko na laini mbili, iko na tochi, betri inashika siku tatu. Mkimbizi anataka nini tena?"

Tatu, sura zetu. Kamera za simu nyingi zilitengenezwa zikipimwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo sisi tulitoka kwenye picha kama vivuli. Wahandisi wa Transsion walitengeneza kamera inayotafuta uso kwa macho na meno, kisha inaongeza mwanga. Nne, lugha. Ethiopia walipata simu yenye herufi za Kiamhari, na mwaka 2011 kampuni ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu nchini humo. Tano, matengenezo: walianzisha vituo vya Carlcare, ili simu ikiharibika uwe na pa kuipeleka.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwa muujiza wa sayansi. Yalikuwa majibu kwa maswali ambayo wengine hawakuona sababu ya kuuliza. Na yalilipa. Mwaka 2018 kampuni iliuza simu zipatazo milioni 124, na kwa hesabu zake yenyewe ilikuwa na karibu nusu ya soko la simu la Afrika. Tarehe 30 Septemba 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Shanghai.

Hapo ndipo hodi zilipoanza kupigwa mlangoni.

Siku hizohizo za Septemba 2019, Huawei iliishtaki Transsion huko Shenzhen ikidai yuani milioni 20. Kisa kilikuwa picha ya kioo cha mbele, ile inayokaa nyuma ya alama za programu. Huawei ilisema picha ni yake. Hiyo ilikuwa kesi ya hakimiliki. Nzito zaidi zilikuwa za hataza.

Hataza ni nini? Ni mapatano kati ya mvumbuzi na nchi. Mvumbuzi anaandika wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, asifiche. Nchi nayo inampa haki, kwa kawaida miaka 20, kwamba hakuna mwingine wa kukitumia bila ruhusa yake. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na leseni inalipiwa. Shikeni jambo moja: hataza haivuki mpaka. Ya India ni ya India, ya Malawi ni ya Malawi.

Ndani ya simu moja ya intaneti kuna maelfu ya hataza: namna ya kushika mtandao wa 4G, namna ya kubana video, namna ya kutunza betri. Wenye nazo ni Qualcomm, Nokia, Ericsson, Huawei na wengine. Kampuni ndogo inayouza kitochi mbali huko haisumbuliwi sana, maana wakili ni ghali kuliko faida. Ikishakuwa kubwa, hesabu inabadilika.

Julai 2024 Qualcomm ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Transsion katika Mahakama Kuu ya Delhi, India, kuhusu hataza 4. Ilisema Transsion ilikuwa imelipia leseni ya baadhi tu ya simu zake, na nyingi zilikuwa sokoni bila leseni. Philips ya Uholanzi nayo ikashtaki India. Transsion ilijibu hadharani kwamba inaheshimu haki za wavumbuzi, lakini baadhi ya wenye hataza wanadai bei moja ya juu dunia nzima, hata kwenye nchi ambako hawana hataza au wana chache, bila kuangalia kwamba watu wa huko ni maskini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Qualcomm na Transsion wakasaini mkataba wa leseni ya simu za 4G.

Nani ana haki? Mimi naona pande zote mbili zina neno. Kuunda 4G kulichukua miaka na pesa nyingi, na aliyepanda ale. Lakini malipo ya leseni yanaingia kwenye bei ya simu, na anayeimaliza bei hiyo ni yule mama anayepokea pesa za ndugu kwa Airtel Money au Mpamba. Ugomvi wa Delhi unafika mpaka kwenye meza ya kuchajisha Dzaleka.

Na ugomvi wa namna hii unaweza kumtikisa hata jitu. Kampuni ya RIM ya Kanada, iliyotengeneza BlackBerry, simu ya mabosi miaka ile, ilishtakiwa mwaka 2001 na kampuni ya NTP ya Marekani. NTP haikutengeneza simu hata moja. Ilichokuwa nacho ni hataza za kutuma barua pepe bila waya. Mwaka 2006 RIM ililipa dola milioni 612.5 kesi iishe.

Sasa geuza upande wa pili: mwenye wazo asiye na karatasi. Novemba 2000, Nkosana Makate, kijana aliyekuwa akijifunza uhasibu ndani ya Vodacom ya Afrika Kusini, alipeleka wazo: mtu asiye na vocha aweze kutuma ujumbe wa bure, "tafadhali nipigie". Mwaka 2001 huduma ikaanza. Malipo aliyoahidiwa kwa mdomo hayakuja, na bosi mkuu wa zamani akajiandika kuwa yeye ndiye aliyebuni. Makate akaenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilisema Vodacom inafungwa na ahadi ile. Mwaka 2019 wakampa randi milioni 47, akakataa. Wamepatana nje ya mahakama Novemba 2025. Miaka 25!

Ninapowasimulia vijana kisa hiki, wanachelewa kucheka. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliunganisha kifaa cha kugawa umeme wa paneli moja ya sola kwa simu nyingi bila kuziharibu. Akaja mgeni, akapiga picha, akarekodi video, akauliza kila waya unaenda wapi, akaahidi kurudi. Hajarudi. Labda ana shughuli zake tu, simshtaki mtu. Lakini kijana hana jina la mgeni wala karatasi, na picha zimeondoka.

Kwa hiyo nawaambia vijana mambo machache. Wimbo, hadithi au programu uliyoandika inalindwa na hakimiliki tangu siku uliyoiandika, basi andika, weka tarehe, mwonyeshe shahidi. Kifaa ni tofauti. Ukikionyesha hadharani kabla ya kuomba hataza, mara nyingi umeshapoteza nafasi, kwa sababu hataza inataka kitu kipya. Malawi ni mwanachama wa ARIPO, shirika la haki za uvumbuzi lenye ofisi Harare, kwa hiyo njia ipo, ingawa ina ada na ni ndefu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mnaotuletea wageni na maonyesho ya ubunifu: kabla kamera haijawashwa, kuwe na karatasi moja inayosema kazi hii ni ya nani, imeonyeshwa lini, na nani ameiona. Transsion walipata utajiri kwa kusikiliza shida zetu. Watu waliozijua shida hizo kwanza tuko hapa, na majina yetu yaandikwe.