Buhangija: Mabweni Yaliyogeuka Kimbilio

Mjini Shinyanga, eneo la Buhangija, ipo shule ya msingi ya serikali ambayo kwa miaka mingi watu waliijua kuwa ni shule ya wasioona. Watoto walikwenda kujifunza nukta nundu, wakisoma kwa ncha za vidole. Wengi walitoka vijiji vya mbali, ndiyo maana shule ilikuwa na mabweni. Mabweni hayo ndiyo yaliyoipa kazi ambayo hakuna aliyeipanga.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Viungo vyao viliuzwa kwa imani kwamba vinavuta bahati, hasa kwenye uvuvi na dhahabu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini dhahabu. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wakazidi kufungua maduara yao. Katika maduara hayo mtu anaweza kuchimba miezi mitatu akatoka na mawe matupu, na jirani yake, hatua kumi tu kutoka hapo, akapata. Tofauti hiyo haina maelezo kwa mtu mwenye njaa na madeni. Mpiga ramli huyatoa maelezo hayo, kisha hutaja bei.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 ni ya Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Lakini hukumu humfikia muuaji baada ya kaburi kuchimbwa. Mzazi aliyekuwa na mtoto hai alihitaji mahali pa kumlaza usiku uleule. Kwa hiyo serikali ikawapeleka watoto kwenye shule za bweni zilizokuwapo: Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu, na Buhangija. Kufikia mwaka 2015 Buhangija ilikuwa na watoto wenye ualbino zaidi ya 200, wengine wadogo mno hata kuanza darasa la kwanza. Vitanda havikutosha, wakalala wawili, watatu. Walimu waliosomea kufundisha wasioona wakajikuta wanalea: kupaka mafuta ya kukinga jua, kutafuta kofia pana na nguo za mikono mirefu, kumbembeleza anayeota ndoto mbaya.

Inaniuma zaidi kwa sababu ya historia ya mkoa wenyewe. Kahama na Shinyanga ndiko lilikozaliwa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipojipanga wenyewe kulinda ng'ombe dhidi ya wezi. Yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Nchi iliyojua kulinda mifugo namna hiyo ilifika mahali ikashindwa kumhakikishia mtoto usingizi nyumbani kwao, mpaka akahamishiwa nyuma ya ukuta wa shule.

Siwalaumu walioupokea mzigo huo. Bila mabweni yale, wapo ambao leo wasingekuwa hai. Ila kimbilio la muda lilirefuka, na gharama yake ililipwa kwa kitu kisichohesabika. Mtoto aliyeletwa na miaka minne akikaa miaka minane, Kisukuma cha bibi yake kinampotea, na ndugu zake wanamsahau sura. Wengine waliletwa, wasifuatwe tena.

Likizo ya Desemba inapofika, wazazi huja getini kuwachukua watoto wao, sanduku kichwani. Wanaobaki huyakusanya magodoro kwenye bweni moja, ili wasilale mbalimbali.