Presha ya Mafuta: Mafuta Yapi, Presha Ipi?

Katika ndege ndogo aina ya Piper Cherokee, geji ya petroli na geji ya oili hukaa karibu karibu mbele ya rubani. Ya kwanza inapima nguvu inayosukuma petroli kuelekea kwenye kabureta. Ya pili inapima nguvu inayosukuma oili katikati ya vyuma vinavyosuguana. Mshale wa petroli ukisimama kwenye paundi 4 kwa inchi ya mraba, injini ina afya, maana kiwango chake ni kuanzia 0.5 hadi 8. Mshale wa oili ukisimama kwenye 4 hiyo hiyo, injini inakufa: kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya 60 na 90, na hata injini ikinguruma polepole usishuke chini ya 25. Sasa sikiliza jinsi sisi wa mpakani, kutoka Busia mpaka Tororo, tunavyozitaja zote mbili: "presha ya mafuta".

Tatizo limo katika maneno yote mawili, nami naanza na la pili. Mafuta ni neno lenye mikono mirefu. Dukani huku kwetu Sop Sop ni ya kupikia au ya taa. Kwenye mtungi unaovushwa usiku Busia ni petroli. Kichwani ni ya nazi. Hakuna anayekosea, kwa sababu mahali penyewe panasema ni yapi. Ndani ya injini mahali ni pamoja, kwa hiyo neno linabaki bila shahidi. Ukisema "mafuta ya ndege" hujaokoka bado, maana ndege kubwa za jeti zinatumia mafuta ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, na ndege ndogo yenye injini ya petroli ikijazwa hayo itazima, pengine ikiwa imeshapaa. Ndiyo maana petroli ya ndege, ile iitwayo 100LL, hutiwa rangi ya buluu, ili jicho litambue kile ambacho jina limeshindwa kukitenga. Gereji zetu zimeshapata dawa bila kuitisha kikao: husema petroli, husema oili. Mwandishi wa istilahi asione haya kuokota hapo.

Neno la kwanza ni gumu zaidi. Presha tunaijua kama ugonjwa. Kwenye tairi hatuitaji kabisa. Tunasema "weka upepo", tukitaja kitu kilichomo badala ya nguvu yake. Vitabu vinatupa shinikizo. Hilo lina historia nzuri, kwani kushinikiza ni kukandamiza hadi kitu kitoe kilichomo, na mtambo wa kukamulia mbegu za mafuta uliitwa shinikizo. Kwa hiyo mzee wa pwani aliyesikia "shinikizo la mafuta" angeweza kufikiria ufuta na kinu, si injini. Kisha lipo kanieneo, lililobuniwa kwa ajili ya fizikia kwa kuunga kani na eneo. Wengi hulicheka kwa kuwa limetoka mezani. Mimi nalipenda, maana linabeba maelezo yake ndani: kani igawanye kwa eneo. Fundi anayesoma "paundi kwa inchi ya mraba" anatamka kanieneo bila kujua. Paundi ni kani, inchi ya mraba ni eneo.

Hata hivyo kwenye ripoti ya ufundi naandika shinikizo la petroli. Wasomaji wengi tayari wanalifahamu kutoka "shinikizo la damu", na neno petroli linaifukuza ile maana ya kinu. Kanieneo nalibakiza kwa siku ya kufundisha.

Lakini hakuna neno kati ya hayo litakalomsaidia fundi asiyetenga shinikizo na mtiririko. Tazama tangi la maji lililoinuliwa juu ya vyuma. Funga bomba la chini: hakuna tone linalotoka, na hapo ndipo shinikizo nyuma ya bomba linapokuwa kubwa kuliko wakati wote. Fungua kabisa: maji yanamwagika, shinikizo linashuka. Shinikizo ni msukumo, mtiririko ni kiasi kinachofika. Cessna 172 za zamani, zenye kabureta, ni tangi hilo hilo lenye mabawa: petroli imo ndani ya bawa juu ya kichwa cha rubani na inashuka kwa uzito wake, bila pampu. Kimo cha mita 1 ya petroli kinatoa takribani paundi 1 tu, na hiyo inatosha. Hadi 2017 kanuni za Marekani za kuunda ndege ndogo zilidai mfumo wa namna hii uweze kupitisha asilimia 150 ya petroli ambayo injini inaihitaji wakati wa kuruka, na mfumo wa pampu asilimia 125. Kipimo zilichokidai kilikuwa cha mtiririko.

Kijana wa Sop Sop aliyejifunzia ufundi kwenye pikipiki anajua haya kwa mikono. Boda boda, neno lililozaliwa hapa hapa Busia kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, leo ni pikipiki yenye tangi juu na kabureta chini. Inawaka vizuri, inakwenda kidogo, inazima. Kijana anafungua kifuniko cha tangi, anasikia "fyuu", hewa inaingia, safari inaendelea. Tundu la hewa lilikuwa limeziba. Petroli ikitoka na hewa isiingie, tangi linanyonya kurudi ndani. Ugonjwa huo huo unaishika ndege pale nyigu anapojenga kwa udongo kwenye kibomba cha hewa cha tangi: baada ya kuruka mshale unashuka taratibu, dakika baada ya dakika. Akienda kusomea ndege Soroti, kwenye chuo ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikianzisha 1971, kijana huyo atakuta ugonjwa anaoujua umevaa jina la Kiingereza.

Kwenye Cherokee, yenye mabawa chini, petroli haina mteremko wa kuisaidia. Kuna pampu inayozungushwa na injini na nyingine ya umeme ya kuisaidia. Hapo utafutaji wa kosa ni mfululizo wa maswali. Ukihamia tangi la pili, shinikizo linarudi? Basi shuku tundu la hewa au bomba la tangi la kwanza. Ukiwasha pampu ya umeme, linapanda? Basi pampu ya injini imechoka, au kuna kiungo kilicholegea kinachonyonya hewa, au petroli inageuka mvuke kwa joto kabla ya kufika. Hili la mvuke huwasumbua zaidi wanaotumia petroli ya kituo cha barabarani, inayochemka upesi kuliko ya buluu. Hakuna kinachobadilika? Angalia chujio, na usisahau geji yenyewe. Unganisha geji nyingine inayoaminika kabla ya kununua pampu. Pampu nyingi nzima zimefunguliwa kwa kosa la geji.

Sasa kuna kisa ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Katika injini nyingi zenye nozeli za kunyunyizia petroli, geji iliyoandikwa galoni kwa saa haipimi mtiririko hata kidogo. Inapima shinikizo karibu na mgawanyo wa nozeli, kisha uso wake umechorwa namba za mtiririko, kwa kudhani kwamba nozeli zote ziko wazi. Nozeli moja ikiziba, petroli inayofika inapungua, lakini nyuma ya kizuizi shinikizo linapanda, kama bomba letu lililofungwa. Mshale unapanda nao. Rubani anaona injini inakula petroli zaidi, huku silinda moja ikiungua kwa njaa. Akipunguza petroli ili mshale urudi mahali pake, anazidi kuinyima.

Geji hiyo ilifanya kosa lile lile la "presha" yetu: iliita shinikizo mtiririko. Anayejua maneno mawili atauliza mara moja ni kipi kilichopimwa, na atatazama joto la silinda moja moja kabla ya kugusa chochote.

Kwa hiyo "presha ya mafuta iko chini" isiandikwe kwenye daftari la ndege. Iandikwe hivi: "Shinikizo la petroli 5 wakati wa kuruka, tangi la kushoto. Lilishuka hadi 1 baada ya dakika 20. Pampu ya umeme haikubadilisha kitu. Tangi la kulia: lilirudi 5. Shinikizo la oili 75 muda wote." Fundi atakayeisoma alfajiri atakwenda moja kwa moja chini ya bawa la kushoto, ameshika waya mwembamba wa kuzibua tundu.