Mchungwa Uliozaa Malimau

Mwaka juzi, mwanzoni mwa mvua, mtu mmoja wa parokia yetu ya Kampene alinijia baada ya sala ya jioni, akaniambia: "Mwalimu, uje na maji ya baraka. Mchungwa wangu umelogwa."

Nikamwuliza umelogwaje. Akasema mti ule aliununua Kindu ukiwa mche mdogo, akaupanda nyuma ya nyumba. Ukazaa machungwa matamu miaka mitatu, watoto wakafurahi. Kisha mwaka ule ukazaa matunda yenye ganda la mabonge-mabonge, makali kama siki. Na mchawi alikuwa amekwisha kutajwa: mjane mzee, jirani yake, aliyezoea kuchuma majani ya mti ule ili achemshe dawa ya kikohozi. Mama yule alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake, aende kwa ndugu zake upande wa Pangi kabla hajafukuzwa.

Nilikwenda na maji ya baraka, nikachukua na panga. Nilipoondoa majani makavu shinani, niliona mguu mmoja umetoa mashina mawili. La kwanza nene, lenye miiba mirefu, limepanda kupita paa la nyumba. La pili jembamba, limefunikwa na kivuli cha mwenzake. Kovu la kuungwa lilikuwa shibiri moja juu ya ardhi, na lile shina nene lilitoka chini ya kovu. Basi mti haukugeuka. Ulikuwa miti miwili tangu siku ya kwanza: chini mlimau, juu mchungwa, na yule wa chini alikuwa amemshinda wa juu.

Bwana yule hakuniamini. "Mwalimu," akasema, "mtu mwenye akili atauzaje mchungwa wenye mguu wa mlimau? Hiyo yenyewe ni hila." Swali lake lilikuwa jema, na jibu lake ni historia ndefu. Nimeona vema kuiandika hapa, kwa kuwa nadhani mti ule si wa pekee katika parokia zetu.

Mchungwa si mti wa msitu wetu. Wataalamu waliochunguza urithi wa mimea hii walionyesha mwaka 2018 kwamba jamii yote ya michungwa na milimau ilianzia chini ya milima ya Himalaya, na kwamba chungwa tamu ni mtoto wa furungu na chenza waliochanganyika zamani sana. Kutoka huko ilisafiri na watu. Mwarabu msafiri al-Masudi, aliyekufa mwaka 956, aliandika kwamba danzi, yaani chungwa chungu, lililetwa kutoka Bara Hindi baada ya mwaka 300 wa Hijra, ndio mwaka 912 kwa hesabu yetu; likapandwa kwanza Oman, kisha Basra na Shamu. Hata akasikitika kwamba katika nchi ya ugeni lilipoteza harufu na rangi yake nzuri. Al-Masudi huyo alifika pia pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kwa jahazi kutoka Oman.

Tunajua kwamba mwaka 1498 machungwa yalikuwa mengi Mombasa. Vasco da Gama alitia nanga huko tarehe 7 Aprili, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Mabaharia wake walikuwa wameambiwa kwamba mjini mna Wakristo, wakatumaini kushuka kesho yake wasikilize Misa pamoja nao. Misa hawakuipata, lakini Sultani aliwapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi. Wengi wao walikuwa wameugua kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba ufizi na miguu. Mwandishi wa safari ile alisema kwamba wagonjwa walipona kwa rehema ya Mungu na kwa hewa njema ya mji. Hewa! Sisi leo tunajua dawa ilikuwa katika vikapu vya Sultani. Nao wagonjwa nadhani walijua kuliko mwandishi wao, kwa maana waliporudi Malindi mwezi Januari 1499 waliyatamani machungwa, hata mtu akatumwa pwani kuyatafuta.

Kutoka pwani hata Maniema mti ulipita njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ni njia ile ile ya pembe na ya watumwa. Livingstone alikuwako Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, akaona watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakizama mtoni. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1893, jeshi la Dhanis liliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuatana na jeshi hilo, alistaajabia bustani za Kasongo: machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe. Mikono iliyochimba mashimo ya miti ile haikuwa ya watu huru. Babu zetu walipata mti huu mzuri katika siku mbaya, na sioni sababu ya kuificha habari hiyo tunapokula tunda lake.

Miti ya siku zile ilitoka katika mbegu, kama ilivyo mingi ya Kampene hata leo. Mtu hula chungwa, hutupa mbegu karibu na jiko, na baada ya miaka saba au zaidi hupata mti mrefu wenye miiba. Wengi hudhani mti wa mbegu hauna asili ya hakika. Sivyo. Mbegu moja ya chungwa mara nyingi hutoa mimea miwili au mitatu. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliliona jambo hili mwaka 1719, na Strasburger, Mjerumani, akalieleza mwaka 1878: mimea mingi katika hiyo haina baba, hutoka katika mwili wa mama peke yake, ikamfanana kabisa. Kwa hiyo anayepanda mbegu za mti mtamu aiache miche yenye nguvu na kufanana, aing'oe midogo iliyo tofauti. Kwa kawaida hapati hasara.

Basi, kama mbegu ni nzuri hivyo, kwa nini kuunga? Ni kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Kuanzia mwaka 1834 michungwa ya visiwa vya Azores, iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, ilianza kutoa gundi shinani, ganda likaoza, mti ukafa. Adui ni kijidudu kama ukungu kiishicho katika udongo wenye maji mengi. Ugonjwa ukaenea katika nchi za bahari ya Mediterania. Wakulima wakaona kwamba danzi halifi. Wakachukua jicho la mchungwa mtamu, wakaliunga juu ya mguu wa danzi, na mashamba yakapona. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Barua kwa Waroma, anasema juu ya tawi la mzeituni wa mwitu lililopandikizwa katika mzeituni mwema, akakiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Watu wa bustani hufanya kinyume cha mfano wake: tawi ndilo jema, na mguu ndio wa mwitu.

Miaka mia watu wakalitegemea danzi. Halafu, katika miaka ya 1930, michungwa iliyoungwa juu ya danzi ilianza kunyauka Argentina na Brazil, ikafa kwa mamilioni. Wabrazil wakaiita tristeza, maana yake huzuni. Mwaka 1946 Meneghini alionyesha huko Brazil kwamba huzuni hiyo huchukuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaokaa juu ya machipukizi mororo, ambao kila mtoto wa Kampene amewaona. Ni virusi inayoziba njia ya chakula pale pale kwenye kovu, jicho la mchungwa linapokutana na mguu wa danzi. Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kuona kwamba mguu wa danzi haufai kwao, wakatumia mlimau wenye ganda la mabonge. Mlimau huo huvumilia huzuni, hukua upesi, hustahimili jua. Lakini hauwezi udongo wenye maji kama danzi liwezavyo. Wabrazil walichagua aina nyingine, na huo nao ukapata adui wake kuanzia mwaka 1999. Wachunguzi hawajapata mguu usio na adui.

Hapa Kongo kazi hii ilianza katika bustani za misioni. Bruda Justin Gillet, Mjesuiti aliyefika nchini mwaka 1893, aliikusanyia Kisantu miti ya matunda ya dunia nzima, akaitunza mpaka alipokufa mwaka 1943. Mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji iliunda INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo, makao yake Yangambi. Na miti ya matunda ilichunguzwa hasa kwenye kituo cha Mvuazi, katika Kongo ya Chini. INERA ya leo ni mrithi wake. Lakini Mvuazi ni mbali na Maniema. Miche iliyoungwa ilifika kwetu, elimu yake haikufuatana nayo. Mtu alinunua mti wa miguu miwili asiambiwe.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kuunga seminarini, na bado niliua miche minne hapa Kampene. Nilizika kovu chini ya udongo nikidhani mti utasimama imara, nikalundika na majani mabichi shinani. Kwa mvua zetu hiyo ni kuualika ugonjwa wa mguu. Sasa napanda juu ya tuta, kovu naliacha shibiri juu ya ardhi, majani ya kufunika udongo nayaweka mbali na shina. Kila mwezi nazunguka na kisu kidogo, nakata kila chipukizi lililotoka chini ya kovu lingali la kijani. Majani yenye madoa meusi yaliyozungukwa na umanjano nayaokota nikayachoma, kwa kuwa huo ni ugonjwa mwingine, uliotambuliwa Angola na Msumbiji mwaka 1952, nao hupenda nchi za mvua kama yetu. Na machungwa siyangojei yawe manjano. Katika joto letu chungwa huiva likiwa kijani; anayengoja rangi hula lililokauka.

Narudi kwa bwana yule. Nilimkatia tunda la shina nene na jani lake, kisha jani la shina jembamba, nikamwambia anuse. Akanusa mara tatu. Ndipo akachukua panga mkononi mwangu, akalikata shina la mlimau mwenyewe, karibu kabisa na mguu. Niliubariki mti uliobaki, kwa kuwa maji nilikuwa nimeyaleta.

Mwaka huu tawi lile jembamba limezaa machungwa kumi na moja, matamu. Mama mjane hakwenda Pangi. Vyombo vyake alivifungua jioni ile ile. Majani ya kikohozi huyachuma sasa nyuma ya nyumba yangu. Kwenye mti wa jirani hajarudi, na jirani hajamwomba arudi.