Habari za Mshubiri na Kinywaji Chake

Msomaji, ukisafiri kutoka Nyeri kwenda Nanyuki utapita mji mdogo wa Naro Moru, ulio chini ya Mlima Kenya upande wa magharibi. Jina hilo lina asili ya Kimaasai, na maana yake ni mawe meusi. Mvua nyingi huishia upande wa pili wa mlima, kwa hiyo nyanda za huku ni kavu, na mimea istahimiliyo kiu ndiyo istawiyo. Mmoja wapo ni mshubiri. Utauona kando ya njia na katika nyua za mashamba, majani yake manene yana miiba pembeni, na maua yake mekundu yamesimama juu ya bua refu. Wakikuyu huuita thukurui, Wamaasai osuguroi, na Wakamba kiluma. Tena iko aina moja ambayo wataalamu wa mimea waliipa jina la Nyeri yetu mwaka 1952, nayo ni Aloe nyeriensis.

Siku hizi watu wengi hutengeneza nyumbani kinywaji baridi cha mshubiri, wakidhani kwamba ni jambo lililozuka jana. Sivyo. Habari zake ni ndefu, na mtu asiyezijua aweza kujidhuru.

Kwanza yakupasa kulielewa jani lenyewe. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu mno. Ukikaushwa hugeuka kuwa donge la rangi ya kahawia iliyokoza, nalo ndilo shubiri. Katikati ya jani mna ute mng'avu kama maji yaliyoganda, usio na ladha kubwa. Shika sana tofauti ya vitu hivi viwili, maana ndiyo ufunguo wa habari yote.

Wafanya biashara wa kale hawakujali ute, walitafuta utomvu. Katika karne ya kwanza baharia mmoja aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuongoza vyombo katika Bahari ya Hindi. Kitabu hicho chaeleza pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, na chataja shubiri miongoni mwa bidhaa zilizotoka bandari ya Kane, kusini mwa Arabuni. Kisiwa cha Sokotra kilivuma kwa shubiri kuliko mahali pengine pote. Mas'udi, mwandishi wa Kiarabu aliyefika pwani yetu na kufariki mwaka 956, asimulia kwamba Aristotle alimshauri Iskandari Mkuu apeleke Wayunani kukaa kisiwani humo kwa ajili ya shubiri. Huenda hii ni hadithi tu, lakini watu hawatungi hadithi za namna hiyo juu ya kitu kisicho na thamani. Hata katika karne ya 19, maduka ya dawa ya Ulaya yaliijua shubiri ya Unguja, iliyofika imefungwa katika ngozi za kima.

Shubiri hiyo ilikuwa dawa ya kuharisha. Hakuna aliyeinywa kwa kiu. Mama wa pwani aliipaka kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, na hata leo twasema jambo fulani ni chungu kama shubiri. Neno lenyewe limetoka katika shina moja la Kiarabu na neno subira. Na kweli, aliyeinywa alihitaji subira.

Je, huku bara hapakuwa na kinywaji? Kilikuwapo. Wamaasai walitumia mizizi ya osuguroi kuchachusha pombe ya asali, kinywaji cha wazee na cha sherehe. Wamaasai walikuwa wenyeji wa Laikipia mpaka walipohamishwa na serikali ya kikoloni kati ya mwaka 1911 na 1913, na ardhi yao ikawa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mengi ya mashamba ya huku yalinunuliwa na kugawanywa, na wakulima waliokuja waliukuta mshubiri ungali umesimama. Wao waliutia katika maji ya kuku wagonjwa, na hufanya hivyo hata leo.

Kinywaji cha ute kina historia nyingine. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Marekani waliandika juu ya jani la mshubiri lililotumika kutibu ngozi iliyounguzwa na eksirei. Katika miaka ya 1970 ikapatikana huko njia ya kuuhifadhi ute usiharibike upesi, na biashara ya vinywaji ikaenea duniani. Lakini mmea uliotumika ni mmoja tu, aloe vera, wenye asili ya Arabuni na maua ya manjano. Si huu wa nyuani mwetu.

Mimi nililijifunza jambo hili kwa aibu. Nilipoanza kazi ya ualimu nilikata majani ya thukurui uani, nikayasaga pamoja na maganda yake, nikawakaribisha wageni wawili. Usiku ule hakuna aliyelala. Nilikuwa nimewanywesha dawa ileile ya Sokotra, tena bila kipimo! Tangu mwaka 2002 hata Marekani haikubali tena shubiri iwe katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Basi, ukitaka kinywaji hiki, chukua jani la nje la aloe vera uliyoipanda mwenyewe. Lisimamishe katika bakuli, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, mpaka utomvu wote wa manjano udondoke, umwage. Menya ganda lote, uoshe ute mara nyingi, kisha uonje. Ukisikia uchungu, osha tena. Koroga kijiko kimoja au viwili katika bilauri ya maji yenye ndimu na asali, nawe unywe siku hiyohiyo. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasinywe.

Na mishubiri ya porini iache mahali pake. Ilikatwa ovyo kwa ajili ya biashara ya utomvu hata mwaka 1986 Rais wa Kenya akatoa amri kwamba ile iliyopandwa tu ndiyo iuzwe. Mkataba wa mataifa nao huisimamia biashara ya jamii yote ya mishubiri, isipokuwa aloe vera peke yake.

Msomaji, wazee wetu waliujua mmea huu kwa majina na kwa kazi zake: huu wa pombe, huu wa kuku, huu usiguswe. Sisi twajua kusoma na kuandika. Itakuwa fedheha tukijua kidogo kuliko wao. Kabla hujanywa, uliza kwanza umekata mmea gani.