Mti wa maswali: programu inayomwongoza anayepokea simu yako ilitoka wapi?

Mwezi uliopita mama jirani yangu, muuzaji wa sambaza pale Kadutu, alituma dola 150 za minerval ya mtoto wake wa sekondari kwa namba isiyo yenyewe. Tarakimu moja tu ilimponyoka. Alifika kwangu akitetemeka, simu mkononi. Tukapiga namba ya huduma kwa wateja na kuweka sauti juu ili sote tusikie.

Kijana wa upande wa pili alikuwa mpole. “Mama, majina yako kamili? Ulituma tarehe gani? Kiasi gani? Sasa mama, nisomee namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe.” Ujumbe ulikuwa umefutwa, sababu simu yake ndogo hujaa haraka. “Mwanangu, nimeufuta.” Kimya kidogo. Kisha: “Mama, bila hiyo namba siwezi kuendelea.” Tukamwomba, tukamweleza upya, naye akarudia jibu lile lile kwa maneno yale yale. Haikuwa roho mbaya. Mbele yake kulikuwa na skrini inayomwambia aulize nini, na skrini ile ilikuwa imefika mwisho wa tawi.

Wengi wetu hatujui kama huyo kijana anasoma. Kila jibu unalompa analibonyeza, na jibu hilo linafungua swali lingine, mpaka afike mahali ambapo programu inamwambia: mfanyie mteja hivi, au mpeleke kwa mkubwa, au mwambie haiwezekani. Wataalamu wanaita mti wa maamuzi. Nilitaka kujua nani aliupanda.

Lakini kwanza niseme kwamba sisi wa Kongo tunaujua mti huu tangu zamani, hata kabla ya simu kuingia kila nyumba. Mama yeyote aliyempeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya amemwona muganga akifungua kitabu cha PCIME, ile njia ya kutunza magonjwa ya watoto iliyotayarishwa na OMS na UNICEF katika miaka ya 1990. Maswali yake yamepangwa. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amezimia? Jibu moja la hatari linatosha kumpeleka hospitali. Kisha muganga anahesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka kupita kiasi. Mwisho kuna rangi: waridi ni kupeleka haraka, njano ni kutibu kituoni, kijani ni kutunza nyumbani. Waganga wetu wanaita michoro ya namna hiyo ordinogramme. Hata reko wa kijijini, asiyesomea uuguzi, anaweza kufuata iliyo mifupi.

Sasa turudi kwenye simu. Mwaka 1979, katika mji wa Salt Lake City huko Marekani, daktari Jeff Clawson alileta kadi kwenye chumba cha kikosi cha zimamoto ambamo watu walipokea simu za dharura. Kabla ya hapo, aliyepokea simu aliuliza alivyoona vema: mmoja anauliza sana, mwingine anachukua anwani tu na kukata. Gari la wagonjwa lilikuwa linaondoka bila kujua linaenda kukuta nini. Clawson alitengeneza seti 29 za kadi, kila moja kwa aina ya tatizo: kifua kinauma, mtu ameanguka, mtoto amekabwa. Kadi ilikuwa na maswali ya lazima, maelekezo ya kumpa anayepiga simu kabla gari halijafika, na daraja la haraka ya kutuma msaada.

Hapo ndipo mimi naona kazi kubwa ilifanyika, ingawa ilikuwa karatasi tu. Mtu asiye daktari aliweza kumwongoza baba aliyepagawa amfinye mwanae kifua kwa namna inayofaa, kwa sababu daktari alikuwa amefikiri mapema, akiwa ametulia, na kuandika. Baadaye kadi hizo ziliingia katika kompyuta, na leo inchi nyingi zinatumia mtindo huo.

Upande wa kompyuta, watu wa chuo kikuu cha Stanford walikuwa wameshaanza. Katika miaka ya 1970 Edward Shortliffe alitengeneza MYCIN, programu yenye kanuni mia kadhaa za namna ya “ikiwa hivi, basi vile”, ya kumshauri daktari juu ya maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Ilimuuliza daktari swali kwa swali. Naye aliweza kuirudishia swali: kwa nini unauliza hilo? Nayo ilimwonyesha kanuni iliyotumia. Walipoipima kwa wagonjwa wa meninjitisi, ushauri wake haukuwa nyuma ya ule wa walimu wa chuo chenyewe. Hata hivyo haikuingia katika kazi ya kila siku hospitalini. Ile nafasi ya kuuliza “kwa nini” ningependa kijana wetu wa simu awe nayo.

Biashara ilifuata haraka. Kampuni ya Digital, iliyouza kompyuta kubwa za VAX, ilikuwa na shida ambayo kila mwenye duka ataielewa: mteja anaagiza, mzigo unafika, waya moja haipo. Kila mashine ilikusanywa kutoka vipande vingi, na wauzaji walikosea. John McDermott wa chuo cha Carnegie Mellon akawatengenezea programu iliyoitwa kwanza R1, kisha XCON, iliyoanza kazi mwaka 1980. Ilisoma oda, ikaangalia kama vipande vinakubaliana, ikaongeza vinavyokosekana. Kampuni ilihesabu faida yake kwa mamilioni ya dola kila mwaka.

Lakini kanuni zilizoanza kwa mamia zilipita 10,000 kabla miaka ya 1980 haijaisha. Kila bidhaa mpya ilitaka kanuni mpya, na kanuni mpya iligongana na ya zamani, mpaka ikawa lazima kuweka kundi la watu wa kuitunza tu. Ni sehemu ambayo wanaouza programu hizi hawaisemi kwa sauti kubwa: mti usiopogolewa unakuwa msitu.

Kampuni ya Compaq kule Houston ilipita njia nyingine. Mwaka 1992 iliwapa wapokea simu wake programu yenye jina SMART. Haikuwa na mti mmoja. Ilikuwa na ghala la visa: matatizo ya wateja waliotangulia pamoja na dawa iliyoyaponya. Mteja akieleza shida yake, programu ilitafuta visa vinavyofanana, kisha ikapendekeza maswali ya kuvitenganisha. Kitu cha maana kiko hapa: shida iliyokosa jibu haikuishia kwenye “siwezi kuendelea”. Ilipelekwa kwa mafundi wakubwa, nao walipolipata jibu liliingia ghalani, ili mpokea simu wa kesho alikute. Baadaye Compaq iliwapa wanunuzi wa printa zake programu ya namna hiyo waitumie wenyewe.

Afrika nayo haikukaa kutazama. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu PCIME ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi huko Mtwara, kazi iliyoandikwa mwaka 2008, na waganga walifuata hatua nyingi kuliko walipotumia kitabu, sababu mashine haikubali uruke swali. Uzuri wake ni huo huo ambao ni ubaya wake kwa mama wa sambaza. Mashine isiyokubali uruke swali inamwokoa mtoto ambaye pumzi zake zingesahaulika kuhesabiwa. Na inamfungia mlango mtu ambaye jibu lake halikufikiriwa na mwandishi.

Na mwandishi ni nani? Sidhani kama aliyepanga maswali yale aliwahi kukaa sokoni Kadutu na simu isiyo na nafasi ya ujumbe 30. Tunachagua Kiswahili mwanzoni mwa simu, vizuri, lakini mti umefikiriwa kwa lugha nyingine na kwa maisha mengine.

Tulipiga mara ya pili baada ya saa moja. Safari hii alipokea dada mmoja. Alipofika kwenye namba ya muamala, akasema: “Mama, usihangaike. Kata simu, ingia kwenye menyu ya pesa, tafuta miamala ya mwisho, namba iko pale. Kisha utupigie.” Ilikuwa pale kweli. Nilimwuliza kama skrini yake ndiyo imemwambia hivyo. Akacheka kidogo. “Hapana papa, nimefundishwa na mwenzangu.” Nikauliza kama wameomba jambo hilo liongezwe ili na yule kijana alione. Akasema wao wanasoma tu, hawajui wa kumwandikia.

Aliyepokea pesa alikuwa ameshatoa dola 110 katika ile saa iliyopotea katikati. Dola 40 zilizobaki zilizuiwa na kurudi baada ya siku tisa. Shule imekubali mama alipe zilizobaki kidogo kidogo mpaka mwisho wa muhula.