Jolly Joe Kiwanuka na Express: Klabu Iliyobaki Baada ya Mwenyewe

Neno "mwenye" ni fupi lakini lina uzito. Tunasema mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye ng'ombe, na hakuna anayebisha. Lakini tukisema "mwenye klabu," papo hapo swali huzuka. Je, ni yule aliyeianzisha na kuigharimia, au ni wale wanaoishangilia mvua inyeshe, jua liwake? Leo nakualika tulipime swali hilo kwa kisa cha Joseph William Kiwanuka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jolly Joe, mwasisi wa Klabu ya Express ya Kampala.

Usidhani kisa hiki ni cha watu wa Kampala peke yao. Sisi wa Kirewa tumo katika wilaya ya Tororo, inayopakana na Kenya. Barabara kuu zinazotoka Kampala kwenda Nairobi huvuka mpaka Malaba au Busia, na ndizo njia walizozifuata Waganda wengi waliokimbia utawala wa Idi Amin. Wakati huo, kuvuka mpaka kulimaanisha kuokoka. Kwa Jolly Joe, kama utakavyoona, mpaka haukutosha.

Kwanza tuwatenganishe watu, maana wanafunzi wengi huwachanganya. Jina Kiwanuka lina watu mashuhuri zaidi ya mmoja katika historia ya Uganda. Yuko Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939. Yuko Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, aliyekamatwa na kuuawa mwaka 1972. Jolly Joe ni mtu mwingine. Alikuwa mwanasiasa na mchapishaji wa magazeti. Chama cha Uganda National Congress kilipoanzishwa mwaka 1952 chini ya uongozi wa Ignatius Musazi, kikidai Waganda wajitawale, Jolly Joe alikuwa miongoni mwa watu wake, na hatimaye akawa mwenyekiti wake.

Mwaka 1957, akishirikiana na wenzake, aliasisi timu ya mpira wa miguu iliyochukua jina la gazeti la Express. Yafikirie mazingira ya wakati huo. Uganda ilikuwa bado chini ya Uingereza, na uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Gazeti liliwafikia waliojua kusoma, na mkutano wa siasa uliwafikia waliothubutu kuhudhuria. Uwanja wa mpira uliwafikia wote wawili, pamoja na mchuuzi, dereva na mtoto wa shule.

Sasa zingatia jambo moja. Jolly Joe alishiriki kujenga vitu vitatu: gazeti, chama na klabu. Gazeti halichapishwi tena. Chama kiligawanyika mwaka 1959, upande mmoja ukamfuata yeye na mwingine ukamfuata Milton Obote, na leo wanafunzi hukisoma katika vitabu vya historia. Kilicho hai ni klabu. Kwa nini? Jibu langu nitalitoa baada ya kukusimulia yaliyompata yeye na klabu yake.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Jolly Joe alikimbilia Nairobi, kama walivyofanya wengine wengi. Mwaka 1973 alitekwa nyara huko huko Kenya, akarudishwa Uganda na kuuawa. Alikuwa katika nchi nyingine, chini ya serikali nyingine, na bado mkono wa dola ulimfikia. Hilo ndilo somo la kwanza la uraia katika kisa hiki: mpaka ni mstari tu ikiwa hakuna sheria inayomlinda aliyeuvuka.

Je, mashabiki wa Express walimwombolezaje? Linganisha na Uingereza. Tarehe 27 Oktoba 2018, Vichai Srivaddhanaprabha, mmiliki wa klabu ya Leicester City, alifariki pamoja na watu wengine wanne helikopta yao ilipoanguka karibu na uwanja wa klabu hiyo. Watu waliujaza upande mmoja wa uwanja kwa maua, skafu na jezi, na baadaye sanamu yake ikasimamishwa hapo. Walilia hadharani bila kumwogopa mtu. Uganda ya mwaka 1973 haikuwa nchi ambapo mtu angeweza kubeba maua barabarani kwa ajili ya mhanga wa serikali. Msiba wa namna hiyo watu huubeba kimoyomoyo.

Walichoweza kukifanya ni kwenda uwanjani. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya mwasisi wao kuuawa, Express ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uganda. Mwaka 1975 ikautwaa tena. Sitadai kwamba kila aliyeshangilia siku hizo alikuwa akimkumbuka Jolly Joe. Wengi walikwenda kutazama mpira, nao walikuwa na haki hiyo. Hata hivyo, kila walipotamka jina la Express, walitamka jina alilolileta yeye.

Lazima pia ujue ni klabu gani zilizotawala ligi hiyo. Ilipoanza mwaka 1968, bingwa wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya Magereza. Mwaka 1971 bingwa alikuwa Simba, timu ya jeshi. Hizo zilikuwa timu za taasisi, zenye mishahara na amri nyuma yake. Express ilikuwa na jina la utani la Kiganda, Mukwano gwa bangi, yaani "rafiki wa wengi." Katika nchi iliyoongozwa kwa amri, kuwa rafiki wa wengi lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Mwaka 1977 serikali ya Amin iliipiga marufuku klabu hiyo, ikiituhumu kwa shughuli za kuipinga serikali.

Mwenyewe alikuwa ameuawa, na sasa klabu nayo ilikuwa imefutwa. Kwa hesabu za karatasi, habari ingeishia hapo. Lakini Amin alipoangushwa mwezi Aprili 1979, Express ilirudi, na waliojiita rafiki wa wengi walikuwa bado wapo. Klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1993, 1995, 1996, 2012 na 2021. Mwezi Agosti 2021 ilishinda Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Nyasa Big Bullets ya Malawi bao 1 kwa 0 katika fainali.

Sasa nirudi kwenye swali la "mwenye." Kiswahili hutupa maneno kadhaa ya kutofautisha. Mmiliki ni anayemiliki kwa hati. Mwasisi ni aliyeanzisha. Mlezi ni anayekitunza kisichoweza kujitunza. Mrithi ni anayepokea. Jolly Joe alikuwa mwasisi na mlezi, na risasi ya dola ingeweza kumwondoa mtu huyo mmoja. Haikuweza kuwaondoa warithi, kwa sababu walikuwa wengi na hawakuwa na anwani moja. Gazeti lilihitaji mtambo na fedha. Chama kilihitaji kushinda uchaguzi. Klabu ilihitaji watu wakumbuke jina na rangi nyekundu, kisha waje. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu imedumu.

Simwiti Jolly Joe malaika. Alikuwa mwanasiasa mwenye wapinzani na migogoro, na mgawanyiko wa chama chake uliacha majeraha. Kumkumbuka mtu kwa haki ni kuyataja yote. Lakini usahaulifu nao ni dhuluma, na wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ubingwa huandikwa, jina la aliyeanzisha husahaulika upesi, hasa likiwa jina lililoogopwa kutajwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, msomaji, nakupa kazi. Watafute wazee wawili katika kijiji chako, mmoja wa upande huu wa mpaka na, ukiweza, mmoja wa upande wa Kenya. Waulize kwa adabu: walishabikia klabu gani miaka ya 1970? Nani aliianzisha? Mechi zilikuwaje wakati wa Amin? Andika majibu yao kwa Kiswahili, weka tarehe, na ulihifadhi daftari hilo mahali pakavu.