Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: historia fupi ya breki

Leo tunazipumzisha programu na seva tuongee juu ya chuma, vumbi na milima. Najua hii ni blogu ya teknolojia, lakini ni nani aliyesema teknolojia ni kompyuta peke yake? Breki ni teknolojia ya zaidi ya miaka mia moja, na ikikataa kufanya kazi huwezi kuizima ukaiwasha tena.

Sababu ya makala haya ni hii. Mjomba wangu wa Ronge ana pikapu ya kubebea mboga. Nyinyi mliowahi kufika Taita mnajua hali ilivyo: Voi iko chini kwenye joto na mikonge, sisi tuko juu kwenye ukungu, na katikati ni kona juu ya kona. Pedi zake za mbele zimekwisha, diski nazo zimechimbika, na dukani ameonyeshwa seti tatu kwa bei tatu zilizo mbali mbali. Swali likaletwa kwangu, maana kwa ukoo wetu mtu mwenye shahada ya kompyuta anatakiwa ajue printa, redio, simu na sasa breki. Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia tamu, na jibu lenyewe limo ndani ya hiyo historia.

Ngozi ya kiatu

Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari alilolitengeneza mumewe, Karl, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari. Breki zilikuwa vipande vya mbao vinavyokandamiza gurudumu, na kwenye miteremko mbao zikaanza kulika. Mama huyo akamtafuta fundi wa viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao. Hapo ndipo wazo la lainingi lilipozaliwa: kile kinachosugua kiwe kitu cha kubadilishwa kikiisha, ule mtambo wenyewe ubaki. Sisi wa programu wazo hili tunalipenda sana. Sehemu inayochakaa itenganishe na nyingine.

Miaka tisa baadaye, 1897, Mwingereza Herbert Frood akaanza kutengeneza vitu vya kusugulia breki za mikokoteni ya farasi. Aliishi Derbyshire, sehemu ya milima. Angalia hapo: mawazo ya breki yanatoka kwa watu wa mteremko, si kwa watu wa tambarare! Kampuni yake ikaitwa Ferodo, herufi za jina lake zilizochanganywa na E ya mkewe, Elizabeth. Jina hilo mpaka leo utaliona kwenye maboksi ya spea.

Dramu na diski

Mwaka 1902 yalitokea mambo mawili. Ufaransa, Louis Renault alileta breki ya dramu: viatu viwili ndani ya ngoma ya chuma vinavyopanuka na kuikamata kwa ndani. Uingereza, Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski: sahani inayozunguka na gurudumu, inabanwa pande zote mbili. Pedi zake zilikuwa za shaba, zikilia na kuisha upesi kwenye barabara za vumbi. Dramu ikashinda. Wazo la diski likakaa kabatini karibu nusu karne, si kwa sababu lilikuwa baya bali kwa sababu kitu cha kulisugulia hakikuwa tayari.

Halafu ikaja nguvu ya mafuta. Zamani kanyagio liliunganishwa na magurudumu kwa fito na nyaya, na kila gurudumu lilishika kivyake. Mmarekani Malcolm Loughead alitumia kanuni ya Pascal: mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba husukuma kwa shinikizo lile lile kila upande. Mwaka 1921 Duesenberg Model A ikatoka na breki za namna hiyo magurudumu yote manne.

Mwaka 1953 Jaguar C-Type zikaingia mbio za saa 24 za Le Mans zikiwa na breki za diski za Dunlop, zikashinda. Wenzao wa dramu ilibidi wapunguze mwendo mapema kabla ya kona, maana dramu ina ugonjwa wake: ikipata moto inatanuka kwenda nje, inavikimbia viatu vyake, na kanyagio linazidi kuzama. Diski ikipata moto inatanuka kuelekea kwenye pedi, na iko wazi kwenye upepo. Mwaka 1955 Citroën DS ikaziingiza diski za mbele kwenye gari la nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1953 ndipo mbio zetu za Safari zilipoanza huku Afrika Mashariki. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, gari la dramu pande zote. Ndiyo, dramu inaweza! Ila dereva wa mbio anajua kuzitunza, na hana kabichi nyuma. Leo pikapu nyingi zina mchanganyiko: diski mbele, dramu nyuma. Ukikanyaga breki uzito unalalia mbele, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na diski.

Hesabu kidogo

Pikapu yenye mzigo, tuseme kilo 2,000, ikishuka mita 500 kwenda chini, inatoa nishati ya karibu megajuli 9.8. Nishati hiyo inatosha kuchemsha maji ya jerikeni moja na nusu ya lita 20, kuanzia maji ya baridi. Upepo na injini vinachukua sehemu yake. Ukishuka kwa gia ndogo injini inachukua nyingi. Ukishuka ukiwa gia huru, karibu moto wote unakwenda kwenye breki. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "inashika?" Pedi yoyote mpya inashika pale dukani. Swali ni "ikiwa moto, inashika?"

Na hilo swali lina jibu la kusomeka. Pedi nyingi zina maandishi pembeni, na mwisho wake mna herufi mbili, kwa mfano EE, FF au GG. Herufi ya kwanza ni kipimo cha msuguano katika joto la kawaida, ya pili ni katika joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE maana yake ni pedi inayoanza vizuri halafu ikipata moto inalegea. Kwa mtu wa mlimani, herufi ya pili ndiyo ya kuangalia kwanza. Herufi hizo hazikuambii pedi itadumu muda gani, na mwenye kughushi boksi anaweza kughushi herufi pia. Ndiyo maana duka unaloweza kurudi kulalamika lina thamani kuliko punguzo. Alama nyingine ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, ambayo inataka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Aina ya pedi nayo ina historia. Zile za nyuzi na gundi ni laini na hazipigi kelele, ila nyingi huchoka mapema kwenye moto. Zenye chuma ndani zilienea miaka ya 1970 pamoja na diski; zinastahimili moto, zinakula diski zaidi na zinalia kidogo. Za seramiki zilikuja miaka ya 1980. Safi, kimya, ghali. Kwa pikapu ya mzigo mteremkoni, mimi nimechagua zenye chuma, FF au zaidi.

Kuhusu diski: kila moja ina unene wa mwisho ulioandikwa juu yake, "MIN TH". Pima. Ikiwa imefika hapo, usikubali kuambiwa ichongwe tena. Diski nyembamba haina pa kuweka ule moto. Nunua mbili, kushoto na kulia pamoja, na kama gari lilikuja na diski za matundu ya hewa katikati, usiweke zisizo na matundu. Mafuta ya breki badilisha pia: yananyonya unyevu. DOT 3 mapya huchemka nyuzi 205, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka kuna mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabanwa. Utakanyaga mpaka chini na gari litaendelea.

Deni la asbesto

Mwaka 1908 Ferodo walianza kutumia asbesto, na kwa miongo mingi ndiyo iliyoshika magari ya dunia. Haiungui na ni rahisi. Pia nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na zinaleta saratani miaka mingi baadaye. Uingereza iliipiga marufuku 1999, Umoja wa Ulaya 2005, Marekani ikaifuata 2024. Boksi lisilo na jina wala maelezo halikuambii ndani kuna nini.

Anayelipa deni hilo si mwenye gari. Ni fundi aliyechuchumaa kando ya gurudumu, na kijana wake anayejifunza, wakipuliza vumbi la dramu kwa kompresa mchana kutwa. Kwa hiyo ukipeleka gari, sema neno moja: "Fundi, tulowanishe maji kwanza, tusipulize." Maji hayana bei. Mapafu hayauzwi dukani.